Mwaka Niliowageuza Wagonjwa Kuwa Ng'ombe

Barua yangu ya kwanza kwa wale watu nisiowajua ilikuwa na salamu za ukurasa mzima. Niliwauliza hali zao, nikaulizia familia zao, nikawaambia kwetu mvua imechelewa lakini tunamshukuru Mungu. Nikajieleza mimi ni nani na ninatoka wapi. Mwishoni kabisa, kama mgeni anayesubiri chai iishe ndipo aseme kilichomleta, nikauliza swali langu. Jibu la kwanza lilikuwa la mstari mmoja: weka swali juu, salamu si lazima. Nililisoma mara tatu, nikaona aibu, halafu nikakasirika. Kwetu hata mtu anayekuja kukuambia nyumba yako inaungua hukusalimu kwanza.

Hiyo ilikuwa miaka ya tisini ikielekea ukingoni. Nilikuwa karani wa kumbukumbu katika mradi mdogo wa kifua kikuu mjini Migori. Karatasi za mahudhurio zililetwa kwangu kutoka zahanati za Kehancha, Ntimaru, Sori na kwingineko, nami nikaziingiza kwenye kompyuta. Kila mgonjwa alikuwa na kadi yenye namba. Kila baada ya wiki mbili alitakiwa kufika zahanati ya karibu kuchukua vidonge, kwa miezi minane, bila kukosa. Akikosa, ugonjwa ulirudi na nguvu mpya. Kwa hiyo jambo kubwa ofisini kwetu halikuwa nani amekuja. Lilikuwa nani hajaja.

Hilo ndilo nililoifundisha kompyuta. Nilikuwa nimehudhuria mafunzo ya wiki moja Kisumu, mengine nikajifunza mwenyewe kutoka kitabu kinene nilichokifunika kwa gazeti kisichakae. Nilitengeneza majedwali mawili, moja la wagonjwa wote na jingine la mahudhurio. Halafu nikaandika ulizo, yaani maneno machache ambayo mashine inayaelewa: nipe kila namba iliyo katika jedwali la wagonjwa ambayo haimo katika mahudhurio ya wiki mbili hizi. Orodha iliyotoka niliichapisha na kuituma zahanati, ambako wanaume wenye baiskeli waliichukua na kwenda boma kwa boma wakiwatafuta waliokosa. Ilifanya kazi vizuri mno. Baada ya miezi michache wauguzi wa zahanati waliacha kuweka alama zao kwenye daftari, wakasema mashine ya Migori inajua.

Mmoja wa wagonjwa hao alikuwa dada yangu.

Alikuwa mkubwa wangu kwa miaka sita, ameolewa Sori, na mume wake alikuwa amefariki mwaka uliotangulia. Alikausha omena, wale dagaa wa ziwani, ufukweni na kuwauzia wachuuzi. Alipoanza kukohoa alikaa nalo jambo hilo kimya mpaka akakonda, na mimi ndiye niliyempeleka kupimwa. Siku moja alikuja Migori kunitembelea, akaingia ofisini, akaitazama kompyuta bila kukaa.

"Sasa hiki kitu kinanijua?" aliniuliza.

"Kinajua namba yako."

"Na nisipoenda kuchukua dawa?"

"Namba yako itatoka hapa, kwenye karatasi. Na wewe, nyamera, dada yangu, sitakutumia mtu wa baiskeli. Nitakuja mwenyewe."

Alicheka. "Basi nikitamani kukuona nitakosa siku moja."

Nami nikacheka. Nimeirudia hiyo ahadi kichwani mara nyingi kuliko sala yoyote niliyofundishwa.

Sasa niseme habari za mzee wa Jumamosi, kwa sababu bila yeye hakuna kisa. Mimi ni Msabato. Nimelelewa hivyo, na mama yangu alitufundisha kwamba siku ya Sabato kumtendea mgonjwa wema ni ruhusa, lakini kalamu haishikwi. Ofisi yetu na kliniki iliyokuwa kando yake zilifungwa Jumamosi, ila funguo nilikaa nazo mimi. Mzee mmoja kutoka upande wa Ntimaru alipata nafasi ya kufika Migori siku hiyo tu, kwa lori lililokuwa likipita kwao. Alikuja akabisha mlangoni kwangu. Nikamwita muuguzi aliyekuwa jirani yangu, tukaenda kufungua.

"Kadi iko wapi, mzee?" muuguzi alimuuliza.

"Kadi iko nyumbani, sista. Mimi nitabeba hiyo kadi kwa lori aje? Watu wataona, watasema huyu ako na ule ugonjwa."

"Na namba yako ni gani?"

"Namba mimi sijui. Jina langu unajua."

Muuguzi alikuwa Mkatoliki na mtani wangu mkubwa. Akanigeukia. "Fungua hiyo faili umtafute."

"Leo ni Sabato."

"Dawa unatoa, faili unaogopa? Nyinyi watu mna maneno!"

Tulicheka, mzee akapewa vidonge vyake, akaondoka akiahidi kuleta kadi safari ijayo. Jumapili asubuhi nilikaa kuingiza habari zake. Katika orodha ya Ntimaru nikakuta wanaume watatu wenye jina lile lile moja na jina la baba lile lile. Ningekuwa nimeifungua faili yeye akiwapo, ningemuuliza kijiji chake na umri wake, jambo likaisha. Lakini alikuwa amekwenda. Kumpa namba ya mwenzake niliona ni kusema uongo, kwa hiyo nikaandika jina na tarehe, na mahali pa namba nikapaacha patupu mpaka atakapoleta kadi. Baada ya wiki mbili alirudi Jumamosi, bila kadi. Nikapaacha patupu tena. Nilijisifu moyoni kwamba mimi si karani wa kubahatisha.

Jumatatu iliyofuata ile Jumapili ya kwanza, niliendesha ulizo langu na orodha ikatoka tupu. Nilidhani ni printa. Nikatazama kwenye kioo cha kompyuta: hakuna hata namba moja. Hakuna aliyekosa, kuanzia Kehancha hadi ziwani. Mkuu wetu wa mradi alifurahi, akatukusanya tukashukuru kwa maombi. Mimi nilifumba macho na wenzangu, lakini moyo haukutulia. Kila mara walikuwa wakikosa watano, saba, wakati mwingine kumi. Hawakuwa wamegeuka malaika kwa wiki mbili.

Ndipo nikawakumbuka wale watu wa barua pepe. Homa Bay kulikuwa na ofisi ya mradi wa wakulima yenye simu isiyokatika ovyo na modemu, na afisa wa hapo alikuwa mtu mwema. Kila Alhamisi ya pili nilipeleka ripoti zetu kule, naye akaniruhusu kutuma na kupokea barua kupitia mashine yake. Yeye ndiye aliyenionyesha kundi lile. Walikuwa watu wa nchi mbalimbali wanaofanya kazi na hifadhidata. Ukituma swali linawafikia wote, na anayejua anajibu, bila kukujua na bila kudai chochote. Majibu yaliyokusanyika afisa aliyaweka kwenye disketi, nami nikayakuta baada ya wiki mbili. Mazungumzo ambayo wengine waliyamaliza asubuhi moja, mimi yalinichukua msimu.

Lakini nilikuwa na kikwazo. Tulikuwa tumekula kiapo cha kutotoa nje habari za wagonjwa, hata ya mmoja. Miaka ile mtu akisikika anatibiwa kifua, watu walimaliza wenyewe sentensi, kwamba ana UKIMWI. Walihama karibu naye kanisani, waliacha kununua samaki wake. Niliogopa hata kuandika neno mgonjwa mbele ya watu nisiowaona. Baba yangu alikuwa karani wa josho kijijini kwetu, na utotoni nilishika daftari lake siku za kuogesha mifugo. Basi nikawageuza wagonjwa wangu kuwa ng'ombe. Zahanati ikawa josho, kadi ikawa hereni ya sikioni, vidonge vikawa dawa ya kupe. Nikaandika: nina ng'ombe wanaotakiwa kufika joshoni kila wiki mbili, nataka kujua ni wapi hawakufika, na ulizo langu linaleta orodha tupu. Kama mfano, nikatunga ng'ombe kumi wazuri, kila mmoja na namba yake.

Jumapili moja baada ya kutuma barua hiyo nilikwenda Sori kumwona dada. Alikuwa amenenepa kidogo mashavuni. Tulikaa kwenye mikeka yake ya omena nikamsimulia.

"Kwa hiyo mimi sasa ni ng'ombe," alisema.

"Ndiyo."

"Wa aina gani? Wa maziwa ama wa mahari?"

"Wa maziwa."

"Afadhali. Wa mahari hana kwao."

Aliwaita jirani zake wawili akawaambia amepandishwa cheo. Hakuwaeleza kwa nini, akacheka peke yake mpaka akakohoa. Ile ndiyo picha yake ninayoitaka ibaki, na si kila siku ninafanikiwa kuiweka mbele ya ile nyingine.

Majibu yalikuja matatu. La kwanza ndilo lile la salamu. La pili liliandikwa na mtu mkarimu aliyekuwa ametengeneza majedwali yale yale kwenye mashine yake, akaingiza ng'ombe wangu kumi, akaendesha ulizo langu, na akapata wale wanne waliokosa, sawasawa kabisa. Ulizo lako halina kosa, aliandika. Huenda kweli ng'ombe wako wote wameogeshwa. Hongera. La tatu lilikuwa fupi, la mtu asiyependa maneno mengi. Aliuliza: je, katika daftari la josho, kuna ng'ombe yeyote aliyeandikwa bila namba?

Nililijibu hilo la tatu pale pale Homa Bay, nimesimama, ripoti zikiwa bado mkononi. Nililiona josho la baba yangu, yeye mwenyewe amesimama kwenye lango na fimbo, akirudisha kila mnyama asiye na hereni, hata awe wa chifu. Nikaandika: hapana, kwetu ng'ombe asiye na namba haingii joshoni.

Lilikuwa jibu la kweli kabisa, kuhusu ng'ombe.

Sikumfikiria mzee wa Jumamosi. Ninasema hivyo kwa sababu watu wamenihurumia wakisema nilisahau. Sikusahau. Jumapili mbili kati ya zilizotangulia nilikuwa nimepaacha pale mahali patupu kwa vidole vyangu mwenyewe. Ila nilikuwa nimevaa koti la ng'ombe siku nyingi mno, na nilipoulizwa swali, nikajibu kama mwenye ng'ombe. Yule mtu kimya aliandika tena: kama hakuna pengo, basi sijui, ulizo ni zuri. Nami nikajiambia, ikiwa watu wenye ujuzi namna ile wamelijaribu na kuliona ni zuri, mimi ni nani? Nikaacha kubishana na karatasi tupu. Wiki mbili, wiki mbili nyingine, na nyingine. Nikiketi jioni nilimkumbuka dada na kujiambia kwamba yuko salama. Angekosa, ningeona. Hata Sori sikwenda, kwa sababu sikuwa na la kuniita huko.

Mzee wa Jumamosi alikuja Jumanne. Alikuwa amepata lori jingine. Alivua kofia, na kutoka ndani ya kofia akatoa kadi yake imekunjwa mara nne.

"Leo nimeleta, madam. Usiseme mimi ni muongo."

Nilimshukuru, nikaketi kuijaza ile namba yake kila mahali nilipokuwa nimepaacha patupu. Halafu, kwa mazoea tu, niliendesha ulizo. Printa ikaanza kulia. Ililia ikaendelea. Zikatoka kurasa mbili.

Baadaye nilikuja kulielewa vizuri, na sasa ninaweza kumweleza hata mtoto. Mashine ikilinganisha namba na mahali patupu haisemi ndiyo wala hapana, inasema sijui. Ukiiuliza nani hayumo humu, na humo ndani kuna mmoja asiyejulikana, haithubutu kukuambia kwamba yeyote hayumo, maana huenda yule asiyejulikana ndiye yeye. Basi inanyamaza kwa ajili ya wote. Pengo moja tu lilikuwa likitosha, na mimi nilikuwa nikiliweka jipya kila baada ya wiki mbili.

Lakini siku ile sikuwa nikielewa lolote. Nilikuwa nikishuka na kidole kwenye namba. Ya dada yangu niliijua kama ninavyojua siku yangu ya kuzaliwa. Ilikuwa ukurasa wa pili, katikati, na kando yake tarehe ya mwisho aliyochukua dawa. Zilikuwa zimepita wiki kumi.

Nilimkuta amelala kwenye chumba cha nyuma nyumbani kwa shemeji zake. Miguu ilikuwa imekufa ganzi, ndicho kilichoanza. Vile vidonge huwafanyia watu wengine hivyo, na kuna dawa ndogo tu ya kuitibu ganzi hiyo, tuliyokuwa nayo kwa makopo. Hakuweza kutembea hadi zahanati. Shemeji yake mmoja alikuwa amejitolea kumbeba kwa mkokoteni, akakataa. Akaniambia sababu yeye mwenyewe, bila kunilaumu, na afadhali angenilaumu.

"Niliwaambia wasihangaike. Niliwaambia mdogo wangu ana mashine, nikikosa siku moja itamwambia, na atakuja." Akapumzika kidogo. "Nikawa nahesabu. Nikasema labda barabara ni mbaya."

Nilishika mguu wake. Hakujua kama nimeushika.

"Mashine ilikosea," nilisema.

"Ama ilikosewa," alisema, akatabasamu. Hata hapo alikuwa na utani.

Tulimpeleka hospitali Homa Bay. Wafuatiliaji wa baiskeli walizunguka na zile kurasa mbili wiki nzima, na waliobaki karibu wote wakapatikana, wengine wamedhoofika, wengine wazima wanalima. Daktari alijaribu dawa kali zaidi. Dada yangu alikaa siku kumi na tisa, akafa asubuhi, saa ya kubadilishana wauguzi, nikiwa nimetoka kumtafutia uji. Tulimzika Sori, kwenye boma la mume wake, kama desturi inavyotaka. Wale jirani zake wawili wa omena walikuja. Mmoja aliniuliza kile cheo alichopandishwa kilikuwa kipi.

Mkuu wa mradi aliniambia nichukue likizo. Muuguzi, mtani wangu, hakunitania tena Jumamosi hata moja, na hilo liliniumiza kuliko maneno. Mimi bado ni Msabato. Watu hudhani ningeacha. Bado sishiki kalamu siku hiyo, ila tangu mwaka ule mgonjwa haondoki mbele yangu kabla sijajua namba yake, na nikiambiwa ni dhambi nitajibu mwenyewe huko mbele.

Alhamisi ya kwanza niliyorudi Homa Bay kupeleka ripoti, yule afisa mwema alinipa pole, akanipa disketi, akaniachia kiti. Kulikuwa na barua moja. Ilikuwa ya yule mtu kimya. Alikuwa amefuatilia jambo letu muda wote huo bila mtu kumwomba. Aliandika: hatujakusikia siku nyingi. Je, lilikuwa pengo? Na ng'ombe wako, wamepatikana?

Niliivuta kibodi. Nilitaka kumwambia kila kitu, huyu aliyeuliza swali moja la maana, nikamdanganya kwa ukweli wa ng'ombe. Lakini kiapo kilikuwa kiapo, na hata kisingekuwapo sikujua ningeanzia wapi. Katika kundi lile kulikuwa na adabu moja niliyoipenda: ukisaidiwa, unarudi kusema kilichotokea, ili atakayekuja na shida kama yako asome. Kwa hiyo nikaweka jibu juu kabisa kama walivyonifundisha, bila salamu. Nikaandika: ndiyo, lilikuwa pengo. Ulikuwa sahihi tangu mwanzo. Sasa ulizo linafanya kazi. Ng'ombe karibu wote wamepatikana. Tumempoteza mmoja. Asante.

Jibu lake nililikuta baada ya wiki mbili. Aliandika kwa furaha, mara ya kwanza nilipomwona anaandika zaidi ya mstari mmoja. Alisema ni fahari kwake kumsaidia mfugaji aliye mbali vile. Akamaliza hivi: mmoja tu katika kundi zima, hiyo si hasara kubwa, hongera sana.

"Habari njema?" afisa aliniuliza kutoka mezani kwake, kwa sababu aliniona nikiirudia ile barua.

Nikasema ndiyo.